Kuanzisha Chama cha Kisomo: Mwalimu, Taa na Kitabu

Watu wanapokutana kuanzisha chama cha kuwafundisha wenzao waliokomaa kusoma na kuandika, jambo la kwanza wanalolifikiria ni darasa: wapi patapatikana ubao, nani ataazima chumba, wanafunzi wataandikishwa wangapi. Ni jambo la haki kufikiri hivyo, kwa maana darasa huonekana kwa macho na wageni huweza kulitembelea. Lakini katika makala haya tunakusudia kueleza, kwa kuifuata historia ya nchi yetu wenyewe, kwamba darasa limekuwa ndiyo sehemu nyepesi ya kazi hiyo. Uzito wake umekuwa mahali pawili: kumtunza mwalimu asiyekuwa na mshahara, na kumpatia msomaji mpya kitu cha kusoma siku ile darasa linapofungwa. Vyama na idara zilizoyasahau mambo haya mawili zilipata mavuno mazuri sana mwaka wa kwanza, na makapi miaka iliyofuata.

Tuanze na jina. Katika maofisi na vitabuni neno limekuwa "kisomo", na baadaye "kisomo chenye manufaa", yaani kusoma kunakofungamanishwa na kazi ya msomaji. Lakini mitaani na vijijini watu wa Tanzania waliwaita wanafunzi hao "ngumbaro", nao majirani zetu wa Kenya, walioanza kampeni yao kubwa mwaka 1979, wakasema "ngumbaru". Jina hilo lilikuwa na mzaha ndani yake, na mzaha huo uliwarudisha nyumbani wazee wengi ambao umaskini na kazi havikuwarudisha. Mzee mwenye wajukuu hapendi kuchekwa na watoto wanaotoka shule wakati yeye anaingia. Mwanzilishi wa chama asiyelipima jambo la heshima atashangaa kuona daftari la mahudhurio linapungua majina, ilhali watu wenyewe wapo kijijini, wazima, na wanamwamkia vizuri.

Hali kadhalika lazima tukumbuke kwamba si kila aliyeitwa mjinga wa kusoma alikuwa hivyo kweli. Katika pwani yetu walikuwako wazee walioandika barua, hesabu za biashara na tenzi kwa herufi za Kiarabu, lugha ikiwa ni Kiswahili safi. Mtu wa namna hiyo alipoulizwa na karani kama anajua kusoma, na karani akiwa na herufi za Kirumi tu kichwani, alihesabiwa pamoja na wasiojua kitu. Sisi tunaoandika mashairi tunalitaja jambo hili kwa uchungu kidogo, kwa sababu sehemu kubwa ya hazina ya ushairi wa Kiswahili ilihifadhiwa na mikono ya watu waliokuja kuhesabiwa hivyo.

Serikali ya kikoloni haikuishughulikia sana elimu ya wakubwa. Jaribio lake mashuhuri lilifanyika Upare, kuanzia mwishoni mwa miaka ya 1940, katika milima ileile ambayo watu wake walikuwa wameandamana dhidi ya kodi ya mbiru mwaka 1945. Mafunzo ya kusoma yalichanganywa na shughuli za maendeleo ya kijiji. Mahali pengine mzigo ulibebwa na misheni, kwa ajili ya kusoma vitabu vya dini, na na wananchi wenyewe. Wazazi walioungana katika TAPA, jumuiya iliyokuwa na uhusiano na TANU, walifungua shule nyingi zisizokuwa na idhini wala fedha ya serikali, wakitegemea michango yao.

Mfano unaotufaa zaidi kwa shabaha ya makala haya ni ule wa Chuo cha Kivukoni, kwa kuwa hapo tunaona chama cha kujitolea kikizaliwa kwanza, na chuo kikifuata. Kabla ya uhuru, viongozi wa TANU waliona kwamba nchi itapata madaraka ikiwa na wasomi wachache mno, na kwamba wako watu wazima wenye akili na uzoefu, makatibu wa vyama vya wafanyakazi, wa ushirika na wa matawi ya TANU, ambao shule iliwakosa au wao waliikosa. Hao wasingeweza kungoja. Ukaundwa mfuko wa amana, Mfuko wa Elimu wa Tanganyika, wenye kazi ya kutafuta fedha na kujenga chuo cha watu wazima. Katibu wake alikuwa Joan Wicken, mwanamke wa Kiingereza aliyekuwa amekuja huku katikati ya miaka ya 1950 kufanya utafiti, na ambaye baadaye alikuwa msaidizi wa binafsi wa Mwalimu Nyerere kwa miaka mingi. Kielelezo kilikuwa Ruskin College ya Oxford, iliyoanzishwa mwaka 1899 kwa ajili ya wafanyakazi wasiokuwa na vyeti vya kuingilia chuo kikuu.

Chuo kilifunguliwa Julai 1961, miezi michache kabla ya bendera ya uhuru kupandishwa, upande wa pili wa mlango wa bandari ya Dar es Salaam, ambako mwanafunzi hufika kwa pantoni. Fedha zilitoka kwa wananchi na kwa marafiki wa nchi za nje. Mpangilio wa kazi ile unastahili kuangaliwa kwa makini na kila mwenye kutaka kuanzisha chama leo. Kwanza walijua ni nani hasa wanayetaka kumfundisha. Pili walijua atarudi kufanya kazi gani akimaliza. Ndipo wakatafuta fedha. Siku hizi tunaona aghalabu mpango huu ukipinduliwa: fedha inasikika kuwa ipo mahali fulani, chama kinaundwa kuifuata, na mwanafunzi anatafutwa mwisho kama shahidi wa kupigwa picha.

Ni kweli kwamba Kivukoni haikubaki kuwa chuo cha mfuko ule. Mwaka 1971 ikawa chuo cha siasa cha TANU, na tangu mwaka 2005 imekuwa Chuo cha Kumbukumbu ya Mwalimu Nyerere, kinachotoa vyeti na shahada kama vyuo vingine. Wako wanaosikitika kwa mabadiliko hayo. Sisi hatuoni ajabu chombo kikibadilika mikononi mwa watu. Tunaona tu kwamba yule katibu wa ushirika wa mwaka 1961, mwenye darasa la sita na kichwa chepesi, hana tena mlango wake pale.

Baada ya uhuru kazi iliingia mikononi mwa serikali kwa kiasi ambacho hakijaonekana mara nyingi katika Afrika. Alipowasilisha mpango wa maendeleo wa miaka mitano mwaka 1964, Mwalimu Nyerere alieleza kwamba lazima watu wazima waelimishwe kwanza, kwa kuwa elimu ya watoto ingechukua miaka mingi kabla ya kuzaa matunda katika uchumi. Usiku wa kuamkia mwaka 1970 alitangaza redioni kuwa mwaka unaoingia utakuwa Mwaka wa Elimu ya Watu Wazima. Kazi ilikuwa imekwisha hamishwa kutoka Maendeleo ya Jamii kwenda Wizara ya Elimu ya Taifa, na kila shule ya msingi ikafanywa kituo cha elimu ya wakubwa. Zikachaguliwa wilaya sita za kuanzia, Mafia na Ukerewe zikiwa miongoni mwake. Mwaka 1971 TANU ikaamua ujinga wa kutojua kusoma ufutwe nchi nzima ifikapo mwisho wa mwaka 1975. Kipimo cha kazi hiyo kilijulikana: katika mwaka 1967, katika kila watu wazima mia moja, wapatao sitini na saba hawakujua kusoma wala kuandika. Taasisi ya Elimu ya Watu Wazima, iliyoanza mwaka 1960 ikiwa tawi la mafunzo ya nje la Chuo cha Makerere, ilifundisha wataalamu, ikaendesha masomo kwa njia ya posta, na mwaka 1975 ikapewa sheria yake yenyewe.

Lakini nani alisimama mbele ya ubao? Walimu wa shule walikuwa wachache na mchana walikuwa na watoto. Kazi ikaangukia kwa wale walioitwa walimu wa kujitolea, na wengi wao walikuwa vijana waliomaliza darasa la saba ambao hawakupata nafasi ya sekondari. Malipo yao, ambayo hayakuitwa mshahara bali ahsante, yalikuwa shilingi 30 kwa mwezi. Kijana wa miaka kumi na saba aliingia chini ya mwembe na kumkuta mjomba wake, mama wa rafiki yake, pengine na mzee aliyemtia jando. Akiingia huwaamkia shikamoo mmoja mmoja, nao huitikia marahaba. Kisha wao humwita Mwalimu, naye hana budi kumwambia mjomba wake kwamba herufi ile ameigeuza. Kupita salama kati ya shikamoo na kusahihisha ni ufundi usiofundishwa katika semina ya wiki mbili, na vijana wengi wa nchi hii waliujua. Yako madarasa yaliyovunjika kwa sababu kijana alicheka mara moja tu.

Shilingi 30 za mwaka 1972 zilinunua kitu. Shilingi hizohizo katikati ya miaka ya 1980 hazikununua mafuta ya taa ya chemli kwa mwezi mzima wa jioni, na mara nyingi zilichelewa au hazikufika kabisa. Kijana akaolewa au akaoa, akaenda mjini, au akaona afadhali kuchoma mkaa. Watu wengine husema kwamba moyo wa kujitolea ulikufa. Tunadhani kauli hiyo inawaonea. Mtu aliyefundisha miaka minane kwa ahsante isiyofika amejitolea vya kutosha. Aliyechoka kwanza ni yule aliyekuwa na wajibu wa kuileta.

Sasa tuje kwenye kitabu. Kuanzia mwaka 1968 hadi 1972, kwa msaada wa UNESCO, ulifanyika mradi wa majaribio wa kisomo chenye manufaa katika mikoa ya kandokando ya Ziwa Viktoria: Mwanza, Mara, Shinyanga na Ziwa Magharibi, ambao sasa ni Kagera. Vitabu vya kuanzia viliandikwa kufuata kazi za watu. Mkulima wa pamba alijifunza silabi katika habari za kupanda, kupalilia na kunyunyiza dawa; mvuvi katika habari za nyavu; wengine katika migomba, mifugo, na utunzaji wa nyumba. Wazo lilikuwa zuri, na mradi ulipokwisha vitabu vya namna hiyo vikaenea nchi nzima, kila eneo na zao lake.

Tulikuwa na mama mkubwa huko Usukumani aliyehitimu kwa kitabu cha pamba. Nyumbani kwake hakikuwamo kitabu kingine chochote. Alikisoma mavuno hata mavuno, kwa sauti, akifuata mstari kwa kidole. Na sisi watoto, kwa utundu, siku moja tukaufunika ukurasa kwa kiganja. Akaendelea kusoma bila kusita. Miaka michache baadaye mwanawe alimwandikia barua kutoka Dar es Salaam, naye akatuita. "Nisomeeni wanangu," akasema, "haya si maandishi ya pamba." Cheti chake kilikuwa kimebandikwa ukutani juu ya kitanda, nacho hakikusema uongo: siku alipopewa alikuwa anajua kusoma. Hakuna aliyempelekea kitabu cha pili.

Tusemapo hivyo hatusemi kwamba hakuna aliyeliona jambo hilo. Waliliona mapema. Huko Mwanza lilianzishwa katika miaka ya 1970 gazeti la vijijini lililoitwa Elimu Haina Mwisho, lenye maandishi makubwa na habari za mashamba, afya na vijiji vya jirani, kwa ajili ya wasomaji wapya wa mikoa ya Ziwa. Maktaba za vijiji zilifunguliwa kwa maelfu, nyingi zikiwa ni kabati moja katika ofisi ya kijiji au chumba cha mwalimu. Redio nayo ilitumika kwa ufundi mkubwa. Kampeni ya Mtu ni Afya ya mwaka 1973 iliwakusanya watu wapatao milioni mbili katika vikundi vya kusikiliza, vikiongozwa na viongozi wapatao 75,000 waliofunzwa kwa kazi hiyo. Kwa muda wa wiki kumi na mbili walisikiliza kipindi, wakasoma kijitabu pamoja, wakajadili, kisha wakatoka wakafyeka na kuchimba vyoo. Kampeni ya Chakula ni Uhai ikafuata mwaka 1975. Tukiulizwa ni wapi kisomo kilipata kuwa sehemu ya maisha ya kijiji bila kulazimishwa, tutajibu: katika vikundi vile. Mwenye kujua kusoma alisoma, asiyejua alisikiliza, na shimo likachimbwa na wote wawili.

Halafu likaja tatizo la karatasi. Baada ya vita vya Kagera vya mwaka 1978 na 1979, na kupanda kwa bei ya mafuta, nchi ilikosa fedha za kigeni, nayo karatasi ni kitu cha kununuliwa kwa fedha hizo. Magazeti ya vijijini yalipungua kurasa, yakachelewa, mengine yakanyamaza. Kabati za maktaba hazikuongezewa vitabu. Mchwa hawakukosa kazi. Wakati huohuo mitihani ya taifa ya kisomo iliendelea kuonyesha ushindi. Katika mwaka 1975 watu zaidi ya milioni tano walikuwa wameandikishwa madarasani. Hesabu ya wasiojua kusoma ilishuka hadi kama 39 kwa mia mwaka huo, ikashuka tena kwa kila mtihani, na mwaka 1986 ikatangazwa kuwa 9.6 kwa mia. Lakini sensa ya mwaka 2002 ilikuta zaidi ya robo ya watu wazima hawajui kusoma.

Hapa mwalimu wa historia awaonye wanafunzi wake wasifanye haraka. Hesabu ya mwaka 1986 ilitokana na madaraja ya mtihani wa kisomo, ambao ulikuwa na hatua nne, na aliyefika hatua ya tatu alihesabiwa kuwa amehitimu. Sensa huuliza swali tu mlangoni, na haitumii kipimo kile. Zaidi ya hayo, miongoni mwa waliohesabiwa mwaka 2002 walikuwamo vijana ambao shule ya msingi iliwakosa katika miaka migumu ya 1980 na 1990. Hao hawakusahau kitu, hawakufundishwa. Kwa hiyo tofauti yote isiwekwe katika mfuko mmoja. Hata hivyo sehemu yake ni ya watu kama mama yetu mkubwa, na sehemu hiyo haimo katika jedwali lolote.

Tangu Sheria ya Mashirika Yasiyo ya Kiserikali ya mwaka 2002 kupitishwa, raia wanaotaka kuifanya kazi hii wamekuwa na njia iliyo wazi. Huandika katiba, huweka muhtasari wa mkutano wa waanzilishi, hutaja viongozi wao, na maombi yao huweza kupita kwa afisa maendeleo ya jamii wa wilaya au mkoa. Katika utumishi wetu tumezisoma katiba za namna hiyo kwa wingi. Sehemu ya madhumuni huwa ndefu na yenye maneno ya fahari: kutokomeza, kuhamasisha, kuwezesha. Sehemu ya fedha husema kwamba chama kitapokea misaada na michango. Ni mara chache sana tumekuta mahali palipoandikwa nani atamlipa mwalimu mwezi wa saba, mfadhili akiwa amekwisha ondoka, au wanachama watanunua magazeti mangapi kwa mwezi na yatakaa kwa nani. Hatusemi maombi ya namna hiyo yakataliwe, kwa kuwa sheria haidai hayo. Ila twawashauri waanzilishi waliandike kwanza jibu la maswali hayo mawili, ndipo waandike madhumuni.

Si kwamba mambo yote yamelala. Vyuo vya Maendeleo ya Wananchi, vilivyoanzishwa kuanzia mwaka 1975 kwa kufuata mfano wa Sweden, bado vipo, hamsini na vinne, na katika miaka ya karibuni jina lile la gazeti la Mwanza, Elimu Haina Mwisho, limepewa mpango unaowapokea humo wasichana waliokatizwa masomo, wengine wakija na watoto wao wachanga. Wanaojifunza useremala, ushonaji na umeme husoma kwa sababu kipimo cha mbao na bili ya duka havisomeki kwa kukariri.

Nasi tumeona, katika wilaya tulizotumikia, jambo dogo linalotupendeza. Vikundi vya wanawake vya kuweka na kukopa, vile viitwavyo VICOBA, huandika hisa na mikopo ya kila mwanachama katika daftari. Mwanzoni mwandishi ni mmoja, na wengine humwamini. Baadaye huja siku ya ugomvi: mmoja anasema alilipa, daftari linasema hakulipa. Katika kikundi kimojawapo tulichokitembelea, baada ya siku kama hiyo wanawake kumi na mmoja walikubaliana kila mmoja atoe kiasi kidogo katika mkutano wa kila wiki, wamlipe binti wa jirani aliyemaliza kidato cha nne awafundishe kusoma. Hawakuwa na kitabu cha kuanzia. Walianza na majina yao yaliyomo katika daftari, kisha tarakimu, kisha maneno "hisa", "mkopo", "faini" na "salio". Tulipowauliza kama wamefikiria kujiandikisha kuwa chama cha elimu, mwenyekiti alituuliza itagharimu kiasi gani, akaandika jibu letu kwa mkono wake, pole pole, na kuwasomea wenzake.